Kilo Arobaini na Nane

Mzee alikuwa na kilo sitini na tatu, na katika mji mzima hakuna aliyebisha isipokuwa kompyuta ya benki ya damu. Kompyuta ilisema uzito wake haufiki hamsini. Angekuwa mtu mwingine angecheka akaenda zake, lakini huyu alikuwa amemaliza miaka thelathini na minane ya utumishi akikagua mizani za watu: za wauza unga, za wauza misumari, za machinjioni na za posta. Mizani aliyoikuta na hila aliifungia siku hiyo hiyo, mwenye duka alie asilie. Hata ile iliyosimama mlangoni mwa benki ya damu aliirekebisha yeye mwenyewe, mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Sasa aje aambiwe uzito wake na kitu ambacho hakijawahi kumtia machoni, tena aambiwe uongo. Jambo hilo lilimkaa kooni.

Mara sita alikwenda, kila baada ya miezi mitatu. Mara sita alivua viatu, akapanda mizani, mhudumu akasoma sitini na mbili, sitini na tatu, safari moja hata sitini na tano. Namba ikaandikwa kwenye fomu, fomu ikaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta ikatoa jibu lile lile: Asipokelewe. Uzito haufiki.

Baada ya mara ya pili alianza kula. Alikula kwa bidii, kama mtu aliyeajiriwa kula. Mkewe, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimbembeleza amalize sahani yake, sasa alikuwa anaficha mkate.

Jumatano moja asubuhi, mayai mawili yakiwa yameshakwenda na la tatu liko njiani, alimgeukia binti yake.

"Kitinda, Jumanne ijayo ndiyo siku yangu."

"Najua, Baba."

Walimwita Kitinda kwa sababu alikuwa mtoto wa mwisho. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mmoja, miwani, na kazi ya kutunza programu za kompyuta, lakini jina halikusogea hata hatua moja.

"Na mwezi ujao natimiza sitini na tano," mzee aliendelea. "Kanuni yao inasema ukitimiza sitini na tano, basi. Kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho. Nikiikosa hii, nimeagwa na mashine. Mashine yenyewe haijui hata kilo."

"Nitaitengeneza, Baba."

"Najua utaitengeneza. Wewe si kama kaka yako."

Mama aliweka birika mezani kwa kishindo kidogo. "Mwache mtoto wa watu. Ana kazi yake huko aliko."

"Simsemi. Nasema kazi yake." Mzee alimenya yai. "Mtu anajenga kitu, kinaharibika, anaulizwa, anasema nimeangalia sioni kosa. Mara tatu namuuliza, mara tatu haoni kosa. Halafu anahama mji."

Hiyo ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Programu ya benki ya damu iliandikwa na Kaka, mtoto wa kwanza. Alipopata kazi mji mwingine, zaidi ya mwaka sasa, alimpendekeza dada yake ashike nafasi ile, na baada ya barua na usaili Kitinda akaishika. Kitinda alikuwepo siku ile mzee aliposema mbele ya wajomba na mashemeji kwamba amesomesha fundi asiyejua tofauti ya sitini na tatu na hewa. Watu walicheka. Kaka aliitazama sahani yake mpaka mazungumzo yakahamia kwingine. Tangu hapo safari zake za nyumbani zilipungua, na mama aliziona zikipungua.

Kuhusu kwa nini mzee aling'ang'ania kutoa damu, hakuna aliyewahi kupata jibu la maana. Aliwahi kusema mara moja tu, akiwa anafunga kamba za viatu: "Kila ninakokwenda naambiwa pumzika, mzee. Kule tu ndiko wananiambia kunja mkono wa shati."

*

Benki ya damu ilikuwa nyuma ya hospitali, jengo la ghorofa moja lenye majokofu yanayonguruma mchana kutwa. Meza ya Kitinda ilibanwa kati ya majokofu mawili, na kwa hiyo alivaa sweta mwaka mzima. Mkuu wa pale alikuwa muuguzi mmoja mwembamba, wa miaka hamsini na kitu, ambaye wafanyakazi wote walimwita Mama Kanuni. Jina hilo alilifahamu na hakulichukia. Yeye ndiye aliyeandika kanuni zote za nani apokelewe kutoa damu na nani asipokelewe. Aliziandika kwa sentensi za kawaida: Mwenye uzito chini ya kilo hamsini asipokelewe. Aliyeng'olewa jino asubiri wiki mbili. Zilikuwa sitini na nne. Kila tarehe mosi alizichapisha, akazisoma moja moja akiwa na rula na kalamu nyekundu, asije mtu akaingiza neno lisilo lake.

Kumvusha mzee kwa mkono hakukubali, ingawa alimheshimu sana. "Leo nimpitishe baba yako kwa kuwa namjua," alimwambia Kitinda. "Kesho dereva wa mkurugenzi anamleta shemeji yake, nitamwambia nini? Tengeneza mashine, nami nitampokea kwa mikono miwili."

Mashine ilihitaji kutengenezwa kweli. Kaka aliiandika kwa miezi miwili, mbio mbio, na ndani ilikuwa kama nyumba ya chumba kimoja: jiko hapa, kitanda hapa, nguo zimening'inia juu ya sufuria. Ilisoma fomu, ikasoma kanuni, na ikahukumu, yote kwa pumzi moja. Ikifika katikati ya sentensi ilikuwa imeshaanza kuamua. Mama Kanuni alipoongeza ile kanuni ya jino, kwa siku mbili ilimkataa kila aliyeandika kuwa kazi yake ni udereva, na hakuna aliyeweza kusema meno na usukani vilikutania wapi. Ilitoa jibu tu. Haikusema ilisoma nini mpaka ikafika hapo.

Kwa hiyo Kitinda aliomba, na akaruhusiwa, kuivunja vipande viwili. Kipande cha kwanza alikiita Msomaji. Kazi yake ni kusoma fomu na kanuni na kuandika ukurasa safi: hiki nimekisoma, hiki sikukielewa. Hajui kipi ni kizuri wala kipi ni kibaya, na hatakiwi kujua. Kipande cha pili alikiita Mwamuzi. Huyu haoni fomu kabisa. Anaupokea ukurasa wa Msomaji, anaupima kwa kanuni, anatoa uamuzi na kutaja kanuni iliyomfikisha pale. Na katikati ya hao wawili, Kitinda aliweka kituo: ukurasa uonyeshwe kwanza kwa mchangiaji mwenyewe, na chini yake swali. Hivi ndivyo nilivyosoma. Ni sawa?

Mama Kanuni alikipenda kituo hicho kuliko vyote. "Watu wanajaza fomu huku wakiangalia saa," alisema. "Ukiwasomea walichoandika, ndipo wanakumbuka."

Ijumaa mchana kazi ilikuwa tayari kujaribiwa. Kitinda alimpitishia Msomaji fomu za zamani mia tatu. Alikaa akilinganisha, karatasi mkono wa kushoto, kioo cha kompyuta mkono wa kulia. Zote zilitoka sawa, na furaha ikaanza kumpanda polepole. Fomu ya baba yake aliibakiza mwisho, jinsi mtoto anavyobakiza mnofu pembeni mwa sahani. Hatimaye akaiingiza.

Kadi: 417. Umri: 64. Uzito: 48.

Aliitazama karatasi. Mhudumu alikuwa ameandika 63 kwa kalamu nene, namba kubwa zisizo na utata. Akairudia. Arobaini na nane. Akaingiza fomu nyingine ya baba yake, ile ya miezi mitatu kabla ya hiyo, yenye sitini na tano. Arobaini na nane. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba amevuruga yeye mwenyewe. Wazo la pili likawa kwamba fomu mia tatu za watu wengine haziwezi kutoka sawa na ya mtu mmoja ikakosewa kila mara kwa namba ile ile.

Sehemu ya kusafisha namba alikuwa ameihamisha nzima nzima kutoka kwenye programu ya Kaka, kwa sababu haikuwa na jambo. Ilikuwa mistari ya kuondoa nafasi na nukta zilizozidi. Sasa aliisoma mstari kwa mstari, na humo ndani, kati ya kuondoa nafasi na kuondoa nukta, akaukuta mmoja ambao haukuondoa chochote. Ulisema: kadi ikiwa ya 417, na uzito ukizidi 48, chukua 48. Pembeni yake Kaka alikuwa ameandika maneno matatu. Usiguse. Niulize kwanza.

Kitinda alivua miwani, akaifuta kwenye sweta, akaivaa tena. Mstari ulikuwa pale pale. Hasira ikamkaba. Mwaka na nusu baba yake anasukumwa mlangoni, anakula mpaka anahema, na mtu aliyekuwa akijibu "sioni kosa" ndiye aliyeliandika kosa kwa mkono wake.

*

Alitoka nyuma ya jengo, mahali walipoanika masanduku ya kubebea damu baada ya kuyaosha, akapiga simu.

Kaka alipokea kabla mlio wa pili haujaisha. Dada yake hakuwa na desturi ya kumpigia saa za kazi. "Umefika kwenye mia nne kumi na saba," alisema.

"Nimefika. Sema."

Kaka alishusha pumzi. "Mwezi wa tatu, mwaka jana. Baba alitoa damu asubuhi. Mchana narudi nyumbani kuchukua chaja, namkuta kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Amelala chini, kichwa kimegonga kidato. Nilidhani amekufa, Kitinda."

Kitinda aliketi juu ya sanduku moja. Lilikuwa bado na maji.

"Mama hakuwepo," Kaka aliendelea. "Alipozinduka, neno la kwanza lilikuwa nisiseme. Nikamwambia nitasema. Akaniambia mbona hii ni mara ya pili, na ile ya kwanza hakufa."

"Alisema hivyo?"

"Kama mtu anayenituliza. Kisha akanishika mkono, akaniapisha. Nisimwambie Mama, nisikwambie wewe, nisimwambie Mama Kanuni. Nisimwambie mtu. Unamjua Baba akikushika mkono."

"Ukaapa, halafu ukaenda kuiambia kompyuta."

"Niliapa sitamwambia mtu," Kaka alisema, na hakuwa anatania.

Kitinda aliijua kanuni yenyewe, kanuni ya kumi na tisa: Aliyezimia zaidi ya mara moja baada ya kutoa damu asipokelewe tena. Alilijua na swali lake kwenye fomu, na alilijua jibu la baba yake, kwa sababu alikuwa ameliona dakika kumi zilizopita kwenye fomu zote mbili. Hapana.

"Kwa nini uzito?" aliuliza.

"Ningegusa habari ya kuzimia, Mama Kanuni angemuuliza. Ningeongeza kanuni, angeiona, zile anazisoma na rula. Lakini namna programu inavyosoma, hakuna anayeichapisha. Na uzito si aibu kwa mtu. Nilidhani atanuna mara moja, mara mbili, kisha atachoka." Kaka aliongeza, "Sikujua kama ataanza kula."

"Alikusema mbele ya wajomba."

"Nilikuwepo."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Kila nikifungua mdomo nijitetee, namwona pale kwenye ngazi."

Ile hasira ya Kitinda haikujua tena ielekee wapi. Ilizunguka zunguka, ikaishia machozini, na akayafuta kwa mkono wa sweta. Kisha akasema alichokuja kusema, kwa sababu kazi haikuwa imeondoka.

"Naufuta huo mstari, Kaka. Siwezi kujenga kitu cha kusoma halafu nikakiacha kinadanganya. Jumanne Baba ataonyeshwa ukurasa wake kama watu wote. Akithibitisha kwamba hajawahi kuzimia, nitasema mimi. Mimi sikuapa."

"Atajua nilikwambia."

"Atajua."

"Haya," Kaka alisema. "Fanya kazi yako."

*

Jumamosi mezani mzee alimuuliza kama amelipata kosa. Kitinda akasema amelipata, lilikuwa kwenye kusoma.

"Umesikia?" mzee alimwambia mkewe. "Kwenye kusoma. Miaka yote ile ya ada, na kijana hakuwa anajua kusoma."

Kitinda aliwahi kumeza dawa chungu nyingi maishani, lakini hakukumbuka iliyomshinda kama kimya cha mlo ule. Alisema ana kichwa kinamuuma, akaondoka mezani.

Jumatatu alimwendea Mama Kanuni na kumweleza kila alichoweza. Kulikuwa na mstari uliobadilisha namba ya mchangiaji mmoja. Ameufuta. Anajua nani aliuweka na kwa nini, na ile kwa nini anaomba asiiseme mpaka kesho.

Mama Kanuni alimtazama juu ya miwani. "Kuna hatari kwa mtu?"

"Hakuna sindano itakayomgusa kabla sijakwambia endelea."

"Mpaka kesho saa sita," alisema Mama Kanuni. "Saa sita na dakika moja nakuuliza."

*

Mzee alifika saa nne kamili, amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama. Aliipiga jicho mizani ya mlangoni, akavua viatu, akapanda. Mhudumu akasoma sitini na tatu na nusu. Mzee akajaza fomu yake kwa mwandiko ule wa kiofisi, na mhudumu akaiingiza. Kisha wakamketisha mbele ya kioo, Kitinda amesimama upande mmoja, Mama Kanuni upande mwingine.

"Huu ndio ukurasa wa Msomaji, Baba," Kitinda alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida na hakujua ameitoa wapi. "Unausoma wote. Kama alichosoma ni sawa, unabonyeza Ndiyo. Kama kuna kasoro, unagusa hapo penye kasoro unarekebisha. Hajaamua kitu bado."

Mzee alitoa miwani mfukoni. Alisoma kwa sauti, kidole chini ya kila mstari, kama alivyosoma sindano za mizani maisha yake yote. "Kadi mia nne kumi na saba. Sawa. Umri sitini na nne. Sawa, kwa siku kumi na tisa zaidi. Uzito sitini na tatu na nusu."

Hapo alisimama, akamtazama binti yake. Uso wote ulikuwa umefunguka. Kitinda angetoa chochote alichokuwa nacho ili asubuhi ile iishie kwenye mstari huo.

"Sawa kabisa," mzee alisema, akaendelea. Hatumii dawa, sawa. Hajang'olewa jino, sawa. Amewahi kuzimia baada ya kutoa damu: hapana. Sawa. Kidole hakikutetereka, kikateremka hadi chini. Hivi ndivyo nilivyosoma. Ni sawa?

Kidole kikakaa juu ya Ndiyo. Kitinda akafungua mdomo.

"Halafu anaamua nani?" mzee aliuliza.

"Mwamuzi. Kipande kingine."

"Na yeye anaiona fomu yangu?"

"Haioni. Anauona ukurasa huu tu."

Mzee aliegemea kiti, ameridhika mno, akamgeukia Mama Kanuni kama mtu aliyepata msikilizaji wa kazi yake. "Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi. Tulikwenda wawili wawili. Mmoja anasoma sindano na kuitamka namba kwa sauti. Mwingine ana jedwali la viwango, na amekaa ameipa mizani mgongo. Haruhusiwi kugeuka. Kwa sababu ukishika jedwali huku unaitazama sindano, na mwenye duka ni mtu wako, utaisoma sindano moyo unavyotaka, na wala hutajijua."

"Na yule aliyegeuza mgongo," Mama Kanuni aliuliza, "alijuaje kama mwenzake anatamka kweli?"

"Hakujua. Aliamini." Mzee alikunja mkono wa shati, taratibu, mikunjo mipana iliyolingana. "Ndiyo maana ukikamatwa umetamka namba ambayo haipo, kazi huna siku hiyo hiyo. Miaka thelathini na minane mimi sikuwahi kumtamkia mwenzangu namba ambayo..."

Hakumaliza. Alikuwa ameshakirudisha kidole kwenye kioo, na kidole kikabaki hewani. Majokofu yalinguruma. Mhudumu aliita mtu mwingine huko mlangoni. Kitinda aliuma meno, akajikaza asiseme neno, na hakuna kazi aliyowahi kuifanya iliyomtoa jasho kama hiyo.

Kidole cha mzee kilipanda juu, mstari mmoja mmoja, kikafika pale.

"Hapa," alisema. "Hapa narekebisha vipi?"

"Gusa, Baba. Kisha andika mara ngapi."

Aliandika 2. Akausoma ukurasa upya kuanzia juu, wote, kwa sauti, na alipofika mstari ule akausoma kama mingine: amewahi kuzimia baada ya kutoa damu, mara mbili, sawa. Kisha akabonyeza Ndiyo.

Jibu halikuchelewa. Asipokelewe. Kanuni ya 19. Na kanuni yenyewe ikafuata chini yake, neno kwa neno.

"Kanuni nzuri," mzee alisema baada ya kuisoma. "Inaeleweka."

"Asante," alisema Mama Kanuni. Alimshika bega, hakuondoa mkono.

Mzee alianza kuukunjua mkono wa shati. Katikati akasita. "Kitinda. Lile kosa ulilolipata. Lilikuwa linasemaje hasa?"

"Kadi mia nne kumi na saba, uzito arobaini na nane."

"Kadi nyingine?"

"Hapana. Yako peke yako."

"Liliandikwa lini?"

"Mwaka jana, Baba. Mwezi wa tatu."

Mzee alikaa na mkono wa shati ukiwa nusu juu nusu chini, na Kitinda akaona jambo lile likimwingia pole pole. Yale maswali yake matatu. Sioni kosa, Baba. Meza ya wajomba, na kijana anayetazama sahani yake.

"Mpigie," alisema.

Kitinda alipiga, akaiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi, kwa kuwa masikio ya mzee hayakuwa tena ya kuaminika sana.

"Kitinda, imekuwaje?" Kaka aliuliza.

"Ni mimi."

"Baba. Shikamoo."

"Marahaba." Mzee aliisogelea simu. "Nimewaambia."

"Umewaambia nini, Baba?"

Hata hapo bado alikuwa anakilinda kiapo. Mzee alifumba macho alipoisikia sauti ile ya kujifanya hajui kitu, na ilibidi angoje kidogo kabla ya kuendelea.

"Kwamba nilizimia. Mara mbili, na ya pili ukanikuta wewe kwenye ngazi. Mama Kanuni yupo hapa, anasikia. Huna kiapo tena, mwanangu. Nimekifungua."

Mzee alimaliza kuukunjua mkono wa shati.

"Mkaguzi wa mizani," mzee alisema, "halafu mtoto wake anamwandikia kilo arobaini na nane."

Walimsikia Kaka akivuta pumzi.

"Nilikubeba peke yangu mpaka ghorofa ya tatu," alisema. "Ulikuwa mzito, Baba. Ulikuwa mzito sana."